Alama ya Kilima cha Milola

Lindi, 3 Februari 1952

Kwa dada yangu Esha, Kilwa Kivinje. Assalamu alaykum, na baada ya salamu, shikamoo. Wahali gani wewe, na wahali gani lile goti lako, na watoto, na wote waliomo nyumbani? Sisi huku wazima kwa uwezo wake Mola, ila kwa pengo lile unalolijua.

Maneno yako yamenifikia kwa mdomo wa mtu wa chumvi. Umeuliza kama nikitoka eda nihamie kwako. Dada, sijui. Njia ya Kilwa imekatika kwa mvua, nami sina pa kwenda, mjane ndani ya chumba chake. Basi nitaandika kidogo kidogo kila nipatapo neno, na njia ikifunguka nikupelekee yote pamoja. Jibu langu utalikuta mwisho. Hati yangu uivumilie, unajua katika chuo cha Kurani nilifika wapi.

Jibu lenyewe liko kwa Bibi. Unamkumbuka Bibi, gari la marehemu, alilolinunua kwa yule Mgiriki wa katani, likiwa bovu hata kuku wanatagia ndani. Gari la mwaka ishirini na saba. Bibi akitembea, shemeji yangu Tawakali atapakia watu na mihogo ya Milola kama alivyokuwa akipakia kaka yake, nami nitabaki katika nyumba yangu. Bibi akifa, Tawakali ataandikwa udereva kwenye shamba la katani, na mwanamke hakai peke yake kwenye nyumba. Nitafunga sanduku nije.

Sijalia bado. Watu walilia, mimi nikawagawia maji.

5 Februari

Banda la Bibi limeegemea ukuta wa chumba changu, basi nasikia kila kitu. Leo amekuja Klementi, fundi wa Nyangamara, yule Mkristo aliyekuwa karakana ya mradi wa karanga kule Nachingwea. Wamefungua kopo la marehemu la misumari, wakakuta kitu kimefungwa kitambaa.

"Saa hii!" Klementi akasema. "Ya trekta. Mzee aliinunua siku ile ya mnada wa mradi."

Tawakali akaja karibu na kidirisha changu kilichozibwa jamvi. "Shemeji, hodi. Kaka alikuwa na saa ya trekta?"

Nikamwambia alikuwa nayo. Aliniambia mwenyewe, kabla ya homa ile: inapima mota inazunguka mara ngapi, si mwendo. Akasema, "Siku nikiwa sipo, Tawakali aone kwa macho asichokisikia." Maana Tawakali alirudi vitani Bama, kwenye vita vya Mjapani, na sikio moja limekufa kwa mizinga, na la pili si zima sana. Yeye akiendesha haisikii mota inapolalamika.

Nikadhani Tawakali ataudhika. Akasema tu, "Haya. Tuifunge."

Mwahija wa jirani, aliyekuja kunisukia ukili, akauliza: "Saa isiyokwambia saa ngapi, ya nini?"

7 Februari

Bendera ya boma imeshushwa nusu. Wanasema Mfalme amekufa huko Ulaya. Mwahija akauliza, "Na mkewe naye atakaa eda?" Nikacheka. Nilijisikia nacheka, kama anacheka mtu wa chumba cha pili.

12 Februari

Mvua.

20 Februari

Klementi ameeleza kwa sauti, nadhani kwa ajili yangu. Metali za ndani ya mota, zile zinazoshika mhimili, aliziyeyusha na kuzimimina yeye mwenyewe mwaka jana kwa risasi aliyookota Nachingwea. Nyingine za gari hili haziuzwi popote. Mota ikizungushwa kupita kiasi, metali zinayeyuka, na hapo Bibi tumemzika. Ndiyo maana ya saa.

Waya wake unazunguka ndani ya mpira kama samaki mkunga tunduni. Ameufunga kwenye mkia wa dinamo. Siku nzima wamepiga tupa. Naipenda sauti ya tupa. Ninaposema naipenda, maana yangu hainiudhi.

1 Machi

Nimeswali, nimekula. Sikumbuki nini.

9 Machi

Leo saa imekaa. Sindano inacheza. Tawakali alifurahi kama aliyepata mtoto, akapiga resi, sindano ikapanda, akaachia, ikashuka.

Klementi akasema, "Usifurahi bado. Namba hizi ni za trekta. Tena nimeifunga kwenye dinamo, na dinamo inakwenda mbio kuliko mota. Kwa hiyo namba zote ni za uongo. Tunataka alama moja tu ya rangi, ya kusema: hapa mwisho."

"Na mwisho ni wapi?"

"Aliyejua amekwenda nao."

Mvua inapiga mabati. Basi nikasogea kidirishani, nikasema, "Mimi naujua."

Dada, si wewe uliyekuwa ukinitania kwamba nimeolewa niwe tanboi, utingo wa gari? Kila safari ya Milola nilikaa ubavuni kwa marehemu. Yeye njia nzima alikuwa na uradi wake, Ya Latifu, Ya Latifu, na kwenye kile kilima cha kutokea Milola mota hupanda, hupanda, kisha yeye husema, "Hapa, Kudra. Hapa Bibi anachoka." Anaachia mguu. Mara ngapi nimesikia hapa ile? Naijua kama nijuavyo kikohozi chake.

Tukaafikiana. Tawakali apige resi polepole, nami nikisikia pamefika nigonge ukuta kwa mchi.

Mota ikapanda. Banda lote likatetemeka, vikombe vyangu vikagongana rafuni. Nikagonga.

"Tayari?" Klementi alishangaa. "Mapema hivi, mama?"

"Ndipo."

"Mwenye gari kasema," akasema, akatia mstari mweupe.

Tawakali akapiga kelele, "Shemeji, mchi huo utaangusha nyumba kabla ya gari!"

13 Machi

Bibi ametoka. Nimemsikia mpaka msikitini, kisha mvua.

27 Machi

Wanasema gari linakwenda pole. Mwahija kasikia sokoni: "Panda Bibi ukiwa na harusi mwakani." Kilimani abiria wanashuka, wanatembea, wanamngojea juu wakila miwa. Tawakali hajaipita alama hata kidogo. Nikamuuliza kidirishani kama ni kweli.

"Kweli, shemeji."

"Na wewe waonaje?"

"Mimi sioni. Naona sindano. Mstari ni wako, na wewe ni wa kaka."

Nikasema heri pole, mota idumu. Akasema heri.

4 Aprili

Mvua. Mto umekula daraja la kwanza, wakaweka magogo.

10 Aprili

Mvua. Mwahija kaleta mbaazi.

16 Aprili

Dada, nitaandika kama ilivyokuwa.

Jumatatu Tawakali alilala Milola kwa ajili ya mvua. Alfajiri ya jana akaja mtu mmoja, Romani, mkulima, mkewe Apolonia ameshikwa na uchungu na mtoto amekaa vibaya. Mkunga kasema hospitali. Wakamlaza nyuma juu ya magunia, wakatoka.

Pale kilimani udongo ulikuwa tope. Bibi akaanza kupanda, sindano ikafika kwenye mstari, na Tawakali akaachia mguu. Akajaribu tena, sindano ikafika, akaachia. Gari likarudi nyuma. Mara ya tatu likateleza mpaka mferejini. Romani alimpigia kelele, "Kanyaga, bwana!" Tawakali akamwonyesha saa. Katika hali ile, dada, akamwonyesha saa. Akasema, "Nikikanyaga inakufa, na ikifa hapa mkeo hafiki kabisa."

Huwezi kumlaumu. Ni kweli kama alivyoambiwa.

Wanaume wakakata miti, wakafanya machela, wakampandisha Apolonia kwa mabega, na juu ya kilima wakaenda naye mpaka walipokutana na lori la mbao. Hospitali walifika adhuhuri imepita. Mama yu hai. Mtoto, mwanamume, alitoka amekwisha kufa.

Tawakali hakunieleza yeye. Kanieleza Mwahija, akilia. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Nikaendelea mpaka ungo ukaisha, nikauweka chini, nikaswali. Nikamwombea mtoto yule rehema na mamaye subira, maneno yakatoka yote sawasawa, hapana hata moja lililokwama. Hilo ndilo linalonitisha. Mkono wangu ndio uliogonga ukuta na mkono hautetemeki.

Wala sina hakika kwamba nilikosea. Nilisikia nilichosikia.

Jambo moja nimeliwaza tangu jana. Mume wangu Abdulatifu alipokata roho sikuwepo. Nilikuwa nimerudi nyumbani kumpikia uji, na nilipofika wodini na bakuli wamekwisha mfunika. Watu walisema hakupata tabu. Sikuwauliza wamejuaje.

17 Aprili

Bibi kaletwa kwa kuvutwa na ng'ombe. Nimesema asitoke.

22 Aprili

Leo nimesikia mtu anapiga hodi bandani, sauti ya huko juu, ya Kimwera.

"Ndiyo saa yenyewe hii?"

"Ndiyo," Klementi akajibu.

"Ndiyo iliyosema tusipande?"

 Nikamsikia Tawakali anahamisha miguu. Basi nikasogeza jamvi kidogo.

"Baba, saa haikusema kitu. Niliyesema ni mimi. Niligonga ukuta, wakaweka alama nilipogonga."

"Nani wewe?"

"Mjane wa Abdulatifu."

Akasema, "Pole, mama. Mume wako alikuwa mtu."

"Pole ni yako, baba. Mimi sina la kukwambia."

"Basi tumepeana. Mimi sikuja kugomba. Wa kumgombea nimemzika. Apolonia kanituma niulize, maana halali kwa ajili ya neno hilo: kwa nini gari lilikuwa kimya vile?"

Klementi akauliza kimya vipi.

"Kimya. Kwa mtoto wetu wa kwanza, mzee Abdulatifu ndiye aliyempeleka mke wangu hospitali. Kilima kile kile. Anasema mota ilinguruma hata mwenyewe hakujisikia akipiga kelele, ikamsitiri, akalia anavyotaka. Safari hii amejisikia tangu mwanzo hata mwisho. Na wanaume wote wamemsikia. Anaona haya, mama."

Nikashika ukuta.

Dada Esha, nimekuwa mjinga. Sikupata kuisikia mota mimi. Nilikuwa nikimsikia yeye. Abdulatifu alikuwa na uradi wake kwa sauti ya kawaida, na siku moja zamani nilimuuliza anajuaje pa kuachia. Akacheka, akasema, "Nikishindwa kulisikia jina la Mola wangu, Bibi amezidi." Nilidhani ni maneno ya mtu wa dini. Kumbe alikuwa akinipa kipimo. Mota ikimeza sauti yake, hapo ndipo. Mimi nyuma ya ukuta, mota bandani chini ya mabati, mahali panapofanya kila kitu kiwe kikubwa mara mbili, tena hapana sauti ya mtu ya kumezwa, nilisikia kelele tu nikagonga.

Nikawaeleza yote pale pale, Romani akisikia. Akasema atamweleza mkewe. Aliniachia fungu la mihogo chini ya kidirisha. Sikujua nifanye nini na mihogo ile. Mwahija kaipika.

2 Mei

Wamejaribu bila mimi. Tawakali kashika usukani anasoma uradi, Klementi kakaa pembeni asikilize. Wamerudi wamenuniana.

"Anasoma kama anaita kwata ya askari," Klementi akasema. "Sauti hiyo haimezwi hata na meli. Mzee alisoma kwa kiasi gani? Mimi sijui."

"Nikisoma chini, mimi mwenyewe sijisikii!" Tawakali akasema. "Nitajuaje kama nasoma au nimenyamaza?"

"Basi mwenye kujua kiasi ni mama."

Tawakali akaja kidirishani. "Shemeji, toka. Siku moja tu. Jifunike gubigubi, ni dharura."

Nikamwambia dharura ilikuwa ya yule mama, na imepita. Eda ya kaka yako nitaikaa mpaka siku yake ya mwisho, miezi minne na siku kumi, kama ilivyoandikwa. Sina kingine cha kumpa.

Hakuniudhi. Akasema, "Basi tungoje."

11 Mei

Mvua imepungua. Msimamizi wa shamba la katani kamwambia Tawakali aseme ndiyo au la kabla ya mwezi wa Ramadhani. Nimelitoa sanduku uvunguni, nikalifuta. Limeliwa na mchwa kidogo upande mmoja.

15 Mei

Nimeweka kanga sandukuni. Nimezitoa. Nimeziweka.

22 Mei

Nimetoka eda leo. Mwahija na kina mama wameniogesha, wamenivika, wamenifukiza udi. Miezi yote hii sikunusa udi. Ulinuka udi tu. Wakanitoa mlangoni, jua likanipiga usoni nikafumba macho. Bibi yuko pale pale, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Kwenye saa, mstari wangu mweupe.

Nilimwambia Tawakali, "Kesho baada ya Ijumaa." Ndiyo mara ya kwanza kumwona uso tangu mazishi. Amekonda.

23 Mei

Tulishuka Milola kwanza, tukageuza, tukakiangalia kilima. Udongo umekauka. Mimi mahali pangu, mlangoni. Tawakali kwenye usukani. Klementi nyuma yetu juu ya magunia, amejiinamisha mbele na kikopo cha rangi nyekundu. Kwa ajili ya uzito tulipakia mihogo, na Romani akapanda, hatukumwita. Apolonia alisimama mlangoni kwake na kitambaa kichwani. Nilishuka nikamwendea. Tulishikana mikono, mkono wake ulikuwa na unga. Kisha akasema, "Mfanye angurume, mama."

Tawakali akaanza kupanda na kusoma. Kweli, kwata.

"Punguza," nikamwambia sikioni, upande wa lile zima. "Unamsomea Mungu, humsomei sajini."

Akapunguza.

"Tena."

Akapunguza tena. Dada, hapo ndipo nilipomsikia. Sikujua kwamba sauti yake na ya kaka yake ni moja. Miezi yote alikuwa akinipigia kelele ukutani kwa sababu ya masikio yake, nami sikujua. Alipoishusha ikawa ile. Ya Latifu, Ya Latifu, na ule mkwaruzo mwishoni, kama mtu aliyemeza punje ya chumvi. Alikuwa ubavuni kwangu, na kilima mbele yetu.

Sindano ikafika kwenye mstari mweupe. Tawakali akataka kuachia mguu. "Panda," nikasema. Ikapita. Mota ikanguruma, mlango ukapiga, kila kiungo changu kikasema gonga, Kudra, gonga. Lakini sauti ningali naisikia. "Panda." Ikawa nyembamba. "Panda bado." Ikawa kama mtu anayesoma chumba cha tatu. Nilimwangalia midomo. Ya Latifu, nikaisikia. Ya Latifu, nikaisikia. Kisha midomo inakwenda na sauti haipo.

"Hapa," nikasema.

Klementi akapaka. Tawakali akaachia mguu kidogo tu, kama alivyokuwa akifanya kaka yake, na Bibi akapanda mpaka juu na mihogo yake na watu wake, hakushuka mtu.

Juu akasimamisha. "Shemeji, nimekosea?"

"Hukukosea."

Romani akateremka, akautazama mstari mwekundu ulivyo mbali na ule mweupe. Akapima kwa vidole. Vidole vinne.  Akaukuna ule mweupe kwa ukucha mpaka ukatoka, akajipangusa mkono kwenye suruali, akarudi kwa miguu.

24 Mei

Tawakali amemjibu msimamizi: la.

Dada yangu, nilikuahidi jibu mwisho. Usiniwekee chumba. Nitakuja kukutazama wewe na goti lako baada ya Idi, Mungu akipenda, lakini sitakuja kukaa. Nyumba yangu ni hii, na Jumanne kuna mgonjwa wa Kilangala wa kuletwa.

Asubuhi hii nilikuwa natwanga, na mchi ule ule, nikalia. Si sana. Kilio kilinijia kama chafya, nikatua mchi, kikaendelea, kikapita. Mwahija aliona, akashika mchi akatwanga yeye. Nadhani ni hivi: wodini walimfunika sipo, na jana pale kilimani alinyamaza ningali namtazama. Safari hii nilikuwepo.

Njia imefunguka, mtu wa chumvi anaondoka kesho na karatasi hizi. Nisalimie wote, mdogo kwa mkubwa. Tafadhali, dada, nijibu upesi, hata maneno mawili, nijue kama umeniridhia.

Mdogo wako,
Kudra